Upepo Ulivuma, Maji Yakaua

Dhoruba za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hupewa majina kwa kufuata alfabeti. Majina ya msimu wa 2018/2019 yalianza na Alcide, iliyojitokeza mapema mwezi wa Novemba, yakaishia kwa Lorna. Nyingi ya dhoruba hizo zilifia baharini. Mbili, Idai na Kenneth, ziliipiga Msumbiji zikiwa vimbunga kamili, zikipishana kwa wiki sita tu. Haikuwa imewahi kurekodiwa nchi hiyo kupigwa na vimbunga viwili vikali kiasi hicho katika msimu mmoja.

Kimbunga huishi kwa joto la bahari. Maji yanapofikia nyuzi joto 26.5 hivi, mvuke hupanda kwa wingi. Huko juu hupoa, hugeuka matone na kuachia joto lake, nalo joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda. Chini, hewa nyingine hukimbilia kuziba pengo. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo hupinda njiani, na kusini mwa ikweta hulizunguka jicho la kimbunga kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni hafifu, ndiyo maana Mombasa na Unguja hupigwa kwa nadra. Nadra, lakini si kamwe: Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Zanzibar na kuangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi.

Idai ilianza kama mvua. Mapema Machi 2019, ikiwa bado dhoruba changa, iliingia nchi kavu na kusababisha mafuriko Msumbiji na Malawi. Kisha ikarudi baharini, ikapata nguvu katika maji ya moto kati ya Msumbiji na Madagaska, na usiku wa Machi 14 ikatua karibu na Beira. Jiji hilo limejengwa kwenye tambarare ya chini, mbele ya bahari yenye kina kifupi, hali inayorahisisha upepo kuyarundika maji ufukweni. Mito ya Buzi na Pungwe nayo ikafurika, na mashamba yakageuka ziwa. Huko Chimanimani, Zimbabwe, milima iliporomoka juu ya nyumba za watu. Katika nchi hizo tatu walikufa zaidi ya watu 1,000, na baada ya mafuriko kipindupindu kikazuka Beira.

Kenneth ilipita kaskazini mwa Ngazidja, Komoro, ikatua Cabo Delgado, Msumbiji, Aprili 25. Upepo wake ulizidi kilomita 200 kwa saa, mkali kuliko wa Idai. Katika kisiwa cha Ibo, kwa Wamwani ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili, nyumba nyingi mno zilibomoka. Hata hivyo, waliokufa Msumbiji na Komoro walikuwa makumi, si mamia.

Tofauti hiyo ndiyo funzo kuu la msimu ule. Vimbunga hupangwa madaraja kwa kasi ya upepo, ilhali kinachoua zaidi ni maji: yale ya bahari yanayopanda ufukweni, ya mvua na ya mito. Kimbunga cha daraja la chini kinachokokota mvua juu ya bonde lenye watu wengi chaweza kuua kuliko kile cha daraja la juu kinachotua penye watu wachache. Tena, mvua hiyo huzidi dunia inapopata joto: kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na wengi walishusha pumzi. Lakini upepo kupungua si hatari kwisha. Tahadhari inayomfaa mkazi wa Rufiji, Kilwa au Mtwara ni ile inayomwambia maji yatapanda hadi wapi, lini, na ahamie kilima gani. Tuwadai watabiri na viongozi wetu taarifa ya namna hiyo, na tukiipata, tuhame kabla mto haujafurika.