Siku yetu katika Bonde la Mjane

Ngoja niseme ukweli. Mume wangu alipopendekeza siku moja ya likizo yetu tuimalizie kwenye jumba la sanaa la kijijini, nilinuna. Mimi nilitaka maduka. Llanbedrog, kwenye rasi ya Llŷn kaskazini-magharibi mwa Welisi, haina maduka ya maana. Ina bahari, upepo na Plas Glyn-y-Weddw.

Nilinuna hadi nilipoambiwa maana ya jina: Bonde la Mjane. Hapo nikatega sikio. Kule Tanga kaka zangu walikuwa wanajadili kuuza nyumba ya mama tangu baba afariki, na mimi nilikuwa nazikwepa simu zao.

Jumba lilijengwa mwaka 1857 kwa ajili ya mjane, Lady Elizabeth Love Jones-Parry. Desturi ya matajiri wa huko ilikuwa hivi: mume akifa, mtoto wa kiume anachukua nyumba kuu, mama anahamia nyingine. (Mtoto mwenyewe baadaye akaenda Patagonia kuwatafutia Wawelisi makazi, Puerto Madryn ya Argentina ina jina la mali yao.)

Mwaka 1896 likanunuliwa na Solomon Andrews, mfanyabiashara wa Cardiff, akaligeuza jumba la sanaa. Huyu bwana alijua starehe! Michoro ukutani, dansi, chai, na tramu ya farasi inayokuleta kutoka Pwllheli ukipita kando ya bahari. Huo ndio mtoko. Dhoruba ya mwaka 1927 ikaharibu reli, tramu ikafa. Wakati wa vita walilala humo wasichana waliopelekwa kulima mashambani, na baadaye jumba likaachwa lichakae.

Halafu wakaja Dafydd ap Tomos na mkewe Gwyneth, mchoraji. Walilinunua mwaka 1979. Jamani, wewe na mwenzio mnagombania rangi ya sebule. Hawa walijitwisha jumba zima bovu! Wakalifungua tena kama jumba la sanaa mwaka 1984. Siku hizi linaendeshwa na taasisi ya hisani na kuingia ni bure.

Ndani, maelezo yameandikwa kwa Kiwelisi na Kiingereza. Maonyesho ya wachoraji hubadilishwa, lakini mimi nilikwama kwenye vyombo vya kauri vya Swansea na Nantgarw. Vile vya Nantgarw, vya mwanzoni mwa miaka ya 1800, ni vyembamba mpaka mwanga unapita. Sehemu kubwa iliharibikia kwenye tanuri, kiwanda kikashindwa kujiendesha. Nilizunguka kabati lile mara tatu. Mume wangu, aliyenivuta kwenda, ndiye aliyeanza kuulizia chai.

Jioni nikampigia mama kumsimulia. Akauliza swali moja tu:

“Huyo mjane, hati ya nyumba ilikuwa na jina la nani?”

Sikuwa na jibu. Ila kesho yake nilipokea simu ya kaka mkubwa, na safari hii nilisema ninachofikiri. Aliniita mjeuri. Nyumba haijauzwa.

Ukitaka kwenda: panda treni mpaka Pwllheli, kituo cha mwisho, kisha basi au teksi, kama kilomita 6. Beba sweta, hata kama ni Julai.