Shauri la Moyo au Shauri la Sheria? Bima ya Afya na Mkazi wa Shauri Moyo

Mtaa wa Shauri Moyo, mashariki mwa jiji la Nairobi, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikibomoa kijiji cha Pangani na kuwahamisha wakazi wake. Jina la mtaa huu limebeba kinaya: watu walioondolewa makwao kwa nguvu walipelekwa mahali panapoitwa shauri la moyo, yaani jambo ambalo mtu huliamua kwa hiari yake. Leo mtaa umepakana na soko la Gikomba na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, na mwendo mfupi kwa miguu humfikisha mkazi wake katika Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926.

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini mageuzi ya mfumo wa afya ya umma nchini Kenya, ambayo yamefanywa na kufanywa upya tangu uhuru, yamekwama mara kwa mara mahali pamoja, napo ni mfukoni mwa mtu asiye na hati ya mshahara. Mtu huyo ni fundi anayegonga mabati ya masanduku na karai, ni mchuuzi wa mitumba, ni mwanamke anayepika chai na mandazi kando ya karakana. Shauri Moyo ni kielelezo mwafaka kwa kuwa riziki ya wakazi wake wengi hupatikana kwa njia hizo, na pia kwa sababu jina lake linaibua swali ambalo watunga sera wamelikwepa kwa zaidi ya nusu karne: je, bima ya afya ni shauri la moyo au ni shauri la sheria?

Kenya ilipopata uhuru, maradhi yalitajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya umma. Matibabu hayo yakawa ya bure, yakigharamiwa kwa kodi. Mwaka uliofuata, 1966, Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) ilianzishwa kwa ajili ya kulipia gharama za kulazwa. Waliolazimika kujiunga ni wafanyakazi waliokuwa wakipata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, nao walikatwa shilingi 20. Katika Kenya ya wakati huo, huo ulikuwa mshahara wa wachache. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wengine wote, ila kwa hiari. Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Mwenye mshahara alikatwa kabla ya kuziona fedha zake. Fundi wa Kamukunji aliachiwa moyo wake umshauri.

Bima ya hiari ina kasoro ambayo haihitaji hesabu ngumu kuielewa. Mtu mwenye afya, ambaye fedha za leo ni za unga na kodi ya nyumba, huahirisha kujiunga. Aliye na ugonjwa wa figo, au mkewe akikaribia kujifungua, hujiunga haraka. Matokeo yake ni kwamba hazina hupokea michango ya wachache wazima na hulipia matibabu ya wagonjwa wengi. Ikipandisha ada ili ijinusuru, wazima wachache waliobaki huondoka. Mwaka 2015 mchango wa wasio na mshahara ulipandishwa kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi, na wengi waliojiandikisha baada ya hapo walilipa wakiugua na kunyamaza wakipona. Kuwalaumu kwa tabia hiyo ni rahisi, lakini mtu yeyote anayeishi kwa kipato cha siku angefanya vivyo hivyo.

Kabla ya hapo, hata ule msingi wa matibabu ya bure ulikuwa umetikiswa. Mnamo Desemba 1989, katika enzi ya marekebisho ya uchumi yaliyoshinikizwa na wafadhili, serikali ilirejesha ada katika hospitali za umma kwa jina la kuchangia gharama. Athari yake ilipimwa katika zahanati moja ya Nairobi iliyotibu maradhi ya zinaa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1992 ulionyesha kwamba, katika miezi ya ada, mahudhurio ya wanaume yaliporomoka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Hayo yalitokea wakati ukimwi ulipokuwa ukienea kwa kasi. Ada za wagonjwa wasiolazwa zilisitishwa Septemba 1990, zikarejeshwa hatua kwa hatua baada ya muda usio mrefu.

Neno lililotumiwa wakati huo linastahili kuangaliwa kwa makini na mwanafunzi wa Kiswahili. Kitenzi changa hudokeza ujirani. Watu huchanga kwa ajili ya matanga, harusi au karo, nao huchanga wakijua kwamba zamu yao itafika. Katika vyama vya akina mama mitaani, kila mchangaji humjua anayepokea, na kuchelewa kuna aibu yake. Ada ya dirishani hospitalini haina sifa hata moja kati ya hizo. Mgonjwa hutozwa, na asipolipa hurudi nyumbani na ugonjwa wake. Kuita tozo mchango ni kukopa heshima ya neno bila kulipa gharama yake. Neno bima nalo, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka lugha za Bara Hindi, lilikaa kwa muda mrefu katika biashara na vyombo vya usafiri. Haishangazi kwamba wengi bado huielewa bima ya afya kama bidhaa ya kununuliwa, wala si mkono wa jirani uliotangulizwa.

Matokeo ya mfumo huo yalionekana waziwazi Pumwani. Wanawake wawili waliojifungua katika hospitali hiyo walizuiliwa humo kwa kushindwa kulipa, mmoja wao akilala sakafuni. Waliishtaki serikali, na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuzuiliwa kwao kulikiuka Katiba. Uamuzi huo ni muhimu kwa sababu Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kufikia wakati wa hukumu hiyo, ada za kujifungua zilikuwa zimeondolewa katika vituo vya umma tangu Juni 2013, pamoja na ada za zahanati na vituo vya afya. Hata hivyo, haki iliyoandikwa haimlipi mkunga. Mwaka huo huo wa 2013 huduma za afya zilihamishiwa serikali za kaunti, na mvutano kuhusu mishahara ukazaa migomo mingi. Ule wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na wa mwaka 2024 siku 56. Matibabu ya bure katika hospitali iliyofungwa ni bure kwelikweli.

Jaribio la kukata fundo lile lilifanywa mara ya kwanza na Waziri Charity Ngilu. Mswada wake wa bima ya afya kwa wote ulipitishwa na Bunge mwaka 2004, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia saini, gharama yake ikiwa hoja kuu. Miaka karibu 20 ilipita. Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya, mojawapo ikiwa ya kuivunja NHIF na kuanzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mahakama Kuu ilibatilisha sheria tatu kati ya hizo Julai 2024, ikitaja ushirikishwaji haba wa umma; Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. NHIF iliacha nyuma deni la mabilioni ya shilingi kwa hospitali.

Sheria hii mpya imeondoa hiari. Kila kaya inapaswa kusajiliwa na kulipa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake bila kikomo cha juu, jambo ambalo ni la haki kuliko utaratibu wa awali ambapo aliyelipwa shilingi 100,000 na aliyelipwa milioni walikatwa sawa, shilingi 1,700. Kaya isiyo na mshahara hutakiwa kulipa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kiasi hicho ni kidogo kuliko zile 500 za NHIF, ila hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani angalau shilingi 3,600. Msomaji akumbuke kwamba mchuuzi wa Gikomba hununua hata sukari ya kupimiwa. Mwaka 2025 serikali ilizindua mpango wa mkopo wa kulipia ada hizo polepole, ambao unathibitisha kwamba tatizo lilikuwa limetambuliwa. Waliosajiliwa kufikia mwaka huo walizidi milioni 20. Waliolipa, miongoni mwa wasio na mshahara, walikuwa sehemu ndogo tu. Sheria imesema lazima, na maisha yameendelea kusema hiari.

Sehemu ya mageuzi hayo yenye matumaini zaidi ndiyo inayozungumziwa kwa uchache. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina tofauti inayotegemea kodi, na aliyesajiliwa hutibiwa humo hata kama hajatoa mchango. Hii ni kurejea, kwa njia ndefu, katika uamuzi wa mwaka 1965. Kasoro yake ni uchache wa fedha: mgonjwa akiandikiwa dawa isiyokuwepo, huenda kuinunua mwenyewe dukani. Mwaka 2001 mataifa ya Afrika yaliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijawahi kukifikia kiwango hicho.

Linabaki suala la kumtambua maskini. Kaya isiyo na mshahara hupimwa uwezo kwa kuulizwa maswali kuhusu nyumba inamoishi, kama vile kuta, paa, maji, choo na nishati ya kupikia, kisha tarakilishi hukadiria mchango wake. Kipimo cha aina hiyo kina mantiki pale ambapo nyumba ni mali ya anayeishi ndani. Nyumba za zamani za Shauri Moyo zina kuta imara kwa kuwa zilijengwa na serikali karibu miaka 90 iliyopita, huku mpangaji wa leo akiwa na chumba kimoja tu cha kukodi. Mnamo Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia zaidi ya watu milioni 2 waliohesabiwa kuwa maskini zaidi nchini. Mpangaji huyo akiulizwa kuhusu kuta zake, atajibu kweli kwamba ni za mawe.