Kazi inaisha, mutoto njo anaitwa mulozi

Mwaka uliopita, mvula ikianza, baba mumoja alifika ku biro yetu ya sendika. Alikuwa dereva wa kamyo kubwa ku shimo, kontra ya miezi sita, kwa kampuni moja yenye kukodisha watu. Kontra iliisha, hawakumupatia ingine. Lakini hakuja juu ya kontra. Alikuja kuomba tumusaidie feza ya kusafirisha mutoto wake mwanamuke wa miaka munane kwa tate yake ku mugini. Tukamuuliza juu ya nini. Akaangalia chini, akasema: "Banasema ni yeye njo alikula kazi yangu."

Na shiye tulijibu nini? Ni haya kusema, lakini tutasema: tulimuambia mambo ya nyumba haiko kazi ya sendika, aende kuona muchungaji wake. Akaenda.

Mwenzetu mwenye kuchunga daftari njo alitushitua. Alifungua ukurasa wa ekipe ya ule baba. Watu kumi na mumoja, na kontra zao zote ziliisha siku moja. "Basi," akauliza, "batoto kumi na mumoja balikuwa balozi usiku moja?" Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Kuna elimu wanafundisha ku universite, inaitwa sosiolojia: elimu ya namna watu wanaishi pamoja. Wengi wetu tuliishia ku sekondari, na jina lile linatuogopesha bure. Wazo lake la kwanza liko mule mule ndani ya ulizo la mwenzetu.

Mumarekani mumoja, C. Wright Mills, aliandika juu yake mwaka 1959. Alitenganisha shida ya mutu na shida ya jamii, na mufano wake ni wa kazi. Kama katika muji wa watu 100.000 mutu mumoja tu hana kazi, angalia ule mutu: tabia yake, ufundi wake. Lakini kama inchi iko na wafanyakazi milioni 50, na milioni 15 kati yao hawana kazi, hauwezi kupata jibu katika tabia ya mutu mumoja mumoja. Lazima uangalie namna inchi yenyewe imepangwa. Mbele yake, Mufaransa Émile Durkheim alikuwa amechukua jambo lenye kila mutu anafikiri ni siri ya roho yake peke, kujiua, na katika kitabu cha mwaka 1897 akaonyesha kwa hesabu kama linapanda na kushuka kufuatana na namna watu wameshikamana katika familia na dini, na namna uchumi unatikisika. (Karl Marx tunamuachia siku ingine, juu tukimuanza hatutamaliza.)

Tulete ile mawazo kwetu Katanga. Union Minière ilianza mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iliona kama kutafuta watu wapya kila mara ni hasara, ikaacha wafanyakazi waje na bibi zao, ikajenga kambi, ikatoa posho, hopitali, masomo. Wazee wakasema: kazi njo baba, njo mama. Tunayarudilia mpaka leo kama neno la furaha tu. Lakini sosiolojia inatenganisha nafasi ya mutu katika jamii na daraka lenye wengine wanamungojea afanye. Nafasi ya baba ku kambi ilitoka wapi? Alikuwa baba juu gunia ya unga ilifika kwa jina lake.

Gécamines ilirizi ile namna ya kuishi. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba kupita tani 400.000 kwa mwaka. Mwaka 1990 shimo la Kamoto likaanguka kule Kolwezi, na mwaka 1994 shaba yote ya mwaka ilikuwa karibu tani 30.000 tu. Mwaka 2001, mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Universite ya Lubumbashi alitoa kitabu chenye jina "Bana Shaba abandonnés par leur père", ni kusema watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Ule baba ni kampuni. Kisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10.655 wakatoka kwa mupango wa "départ volontaire", kwa feza ya Banque Mondiale.

Gunia haikufika tena. Mama akaenda ku soko kuuzisha unga kwa meka, na makala, na yeye njo akalisha nyumba. Madaraka yamegeuka bila mutu kukaa chini na kukata shauri. Mwanaume iko na haya, mwanamuke amechoka, na hasira inatafuta mwenye hawezi kujibu. Mara mingi ni mutoto: yatima, ao wa bibi wa kwanza, ao ule wa kukojoa ku kitanda.

Hatukatazi mutu kusali. Na hatusemi hakuna baba mwenye kunywa mushahara wote, wako, tunawajua. Lakini katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto bulozi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inatia azabu.

Tulirudi kumutafuta ule baba. Familia ilikuwa imeikala, mufuko wa mutoto ulikuwa umefungwa tayari. Tukasoma majina kumi na mumoja. Mujomba akajibu kama hata bulozi inajua kuhesabu. Shangazi akaomba karatasi, akaweka kidole ku jina la tano: "Huyu ni kijana wa jirani yangu. Hana mutoto hata mumoja. Yeye, nani alikula kazi yake?" Hakuna mwenye alijibu. Jioni mama wa mutoto alifungua mufuko.

Kontra, mpaka leo, haiyarudi. Ku daftari tumeongeza mustari moja: pembeni ya jina na tarehe ya mwisho wa kontra, tunauliza nyumba iko na watoto ngapi, na usiku wanalala wapi.