Vijiko vya kale ving'ae bila kuhatarisha watoto

Jumamosi moja jioni mama mmoja aliingia kliniki yangu mbio, mtoto wa miaka miwili begani. Mtoto alikuwa akikohoa mfululizo na mdomo wake ulinuka mafuta ya taa.

"Daktari, amekunywa dawa ya vijiko!" akasema.

Nyumbani walikuwa wakitarajia wageni wa mahari. Mama huyo alikuwa ametoa vijiko na uma vya fedha alivyoachiwa na marehemu mamake, akavikuta vyeusi tititi. Jirani akampa dawa ya kung'arishia, imetiwa katika chupa ya soda. Mtoto naye akaona soda.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa amemnywesha maziwa na kumtia kidole kooni ili atapike. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Dawa nyingi za aina hii zina mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Madhara yake makubwa hayako tumboni bali mapafuni. Mtoto anapotapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na kuteleza hadi kwenye mapafu, akapata nimonia. Kwa hivyo usimtapishe wala kumlazimisha anywe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha umkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima, anafaa kuchunguzwa kwa muda wa saa 6 hivi. Mtoto huyu alilazwa siku 3, akapona.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba dawa hiyo haikuhitajika hata kidogo.

Weusi wa fedha si uchafu. Salfa iliyomo katika moshi wa jiko, mayai na vitunguu huungana na fedha na kufanya utando mweusi. Ukiusugua kwa majivu, dawa ya meno au waya wa kusugulia sufuria, unaukwangua pamoja na fedha yenyewe. Isitoshe, aghalabu vijiko hivi vya kale si fedha tupu. Ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli uliopakwa fedha juu juu. Ukiona rangi ya manjano ikichungulia mgongoni mwa kijiko, jua fedha imelika, na nikeli huwatoa watu wengine upele.

Njia iliyo salama ni hii. Tandika karatasi ya alumini ndani ya beseni, uvipange vijiko juu yake viiguse. Mimina maji yaliyochemka, ukitia vijiko vikubwa 2 vya bekingi soda kwa kila lita. Salfa itaiacha fedha na kuhamia kwenye alumini. Utasikia harufu kidogo kama ya yai viza, basi fungua madirisha, na watoto wakae mbali na maji ya moto. Baada ya dakika chache vitoe, uvisuuze na kuvikausha papo hapo. Visu vyenye mipini iliyogundishwa usivitumbukize, gundi italegea.

Vyombo vya shaba ni habari nyingine. Ndimu na chumvi huving'arisha mara moja, lakini visiposuuzwa vizuri weusi hurudi upesi, pengine na kutu ya kijani. Kutu hiyo ni sumu na ikiingia katika chakula huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kutapika.

Na wewe msomaji mwenye vijiko vya chuma kisichoshika kutu, usivilaze usiku kucha katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Vitatoboka vidoa. Dawa hiyo usiichanganye kamwe na ndimu, siki wala amonia, kwa maana mvuke wake huunguza mapafu. Nimeona watu wazima waliofanya hivyo jikoni penye dirisha moja, wakaja wakihema.

Vijiko vya fedha vikishang'aa, vitumie. Vinavyotumiwa kila mara na kuoshwa haviwi vyeusi upesi. Vya akiba vifunge kwa kitambaa safi cha pamba, kikavu. Usivifunge kwa mpira wala kuviweka ndani ya kitambaa cha sufu, kwani vyote viwili vina salfa, na vitakutia kazini tena kabla ya wageni wengine kubisha hodi.