Mwembe una maji moto, mnazi wa jirani hauna

Chumbageni, kama kwingine Tanga, anayekwea mwembe huwajua maji moto kabla hajalifikia embe. Wapo wanaowaita siafu, na hapo utambuzi huharibika. Siafu husafiri chini kwa misafara wala hawashoni majani. Maji moto, ambao wataalamu huwaita Oecophylla longinoda, huishi juu mtini. Ni wa rangi ya kahawia yenye wekundu, miguu mirefu, kiuno kirefu chembamba. Hawana mwiba: hung'ata kwa taya, kisha hunyunyiza asidi palipong'atwa, ndiyo maana panaunguza. Ukiwa na shaka, tazama kiota. Majani mabichi huvutwa yakakutana, halafu chungu mmoja hushika buu kwa taya na kumpitisha ukingo hadi ukingo, buu akitoa hariri ya kushonea. Kwa kiota hicho, ni vigumu Afrika kumchanganya na chungu mwingine. Ndugu yake wa karibu aliye hai yuko Asia na Australia.

Ramani huonyesha kwamba eneo lake ni sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, pwani yetu ikiwemo. Ni kweli, lakini ramani hiyo haimsaidii mwenye shamba, kwa sababu mti mmoja unao na wa pili hauna. Katika miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alilichunguza jambo hili Zanzibar, minazi ilipokuwa ikipukutisha vidaka. Mdudu aliyevifyonza leo anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima yake. Mnazi uliokaliwa na maji moto ulisalimika. Kilichowazuia kuenea ni chungu wengine, hasa Pheidole megacephala: mdogo, wa kahawia, mwenye askari wa vichwa vikubwa, anayeishi udongoni na kupanda shina kuwashambulia.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mipaka ya maji moto shambani lazima isomwe kuanzia chini. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa majani yanayoota chini ya miti yakiachwa, maji moto huweza kuishi pamoja na Pheidole. Yakifyekwa yote, huelemewa. Mkulima wa Muheza au Pangani asiyewaona maji moto akague shina na udongo kwanza. Dawa ikipulizwa kwenye matawi huua maji moto, na Pheidole hubaki salama ardhini.