Moto Upitao Usiku Juu ya Maniema

Jioni, baada ya sala, watoto wa Kasongo na Kabambare huona nyota inayotembea. Haina mlio, haipepesi kama taa ya ndege. Yaenda zake polepole, kisha yazimika ghafula. Ndipo maneno huanza. Mmoja asema ni silaha, mwingine ataja uchawi. Na katika nchi iliyoonja vita kama Kabambare, neno la namna hiyo laweza kuwakimbiza watu msituni usiku, pamoja na wagonjwa na watoto wachanga. Kwa hiyo twaona yafaa kuieleza habari hii vema.

Nyota ile ni setilaiti. Haina moto wake. Jua lililokwisha kutuchwea sisi bado laimulika kule juu. Ikiingia katika kivuli cha dunia, haionekani tena.

Wazee nao wana sababu ya kushuku. Mwaka 1976 serikali ya Mobutu iliikodisha kampuni ya Kijerumani, OTRAG, eneo la kilometa za mraba zipatazo 100,000 katika Shaba ya Kaskazini, kusini kwetu. Mkataba ulifanywa na wakubwa, si na wanavijiji. Roketi zilirushwa tarehe 17 Mei 1977, 20 Mei 1978 na 5 Juni 1978. Ile ya tatu ilipinda ikaanguka, Mobutu mwenyewe akitazama. Mwaka 1979 kampuni ikaamriwa kuacha kazi. Hakuna hata moja iliyofika kuizunguka dunia.

Lakini zilikuwapo nyingine, zilizotoka mbali zaidi, ambazo wachache kwetu walizijua. Kati ya 1996 na 2023, Ariane 5 ilirushwa mara 117 kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Safari zake nyingi zilielekea mashariki, zikavuka Atlantiki, zikapita juu ya Afrika. Vituo vya Libreville na Malindi vilipokea habari zake. Basi, mwanafunzi, twaa ramani, uchore mstari toka Libreville hadi Malindi. Utaona wapita kaskazini ya Kasongo, si mbali sana.

Siku ya Noeli ya 2021, saa nane na dakika 20 mchana kwa saa zetu, Ariane iliondoka na darubini kubwa ya James Webb. Sisi tulikuwa mezani! Wala anayeinua macho asingaliona kitu, kwa ukali wa jua.

Roketi ya mwisho iliruka saa sita kamili ya usiku kwa saa zetu, kuamkia tarehe 6 Julai 2023, ikichukua setilaiti mbili, moja ya Ujerumani na moja ya Ufaransa. Zile fataki zake mbili za kando ziliangukia baharini karibu na Amerika, na tangi kubwa lilianguka Atlantiki kabla ya kufika pwani ya Afrika. Kilichotupitia ni sehemu ya juu tu, baada ya dakika 20 na kitu, injini yake ikiwa bado yawaka. Njia ya Kasongo hadi Kabambare, ambayo wapagazi wa zamani waliitembea siku nyingi na pembe za ndovu mabegani, yenyewe iliipita kwa muda usiofika nusu dakika.

Je, ingaliweza kuonekana? Kwa shida sana. Usiku wa manane jua haliimuliki, na moto wa hidrojeni ni hafifu, karibu hauna rangi. Tena mwezi ulikuwa umepevuka tarehe 3, mbingu nzima nyeupe. Watu wa Kourou huona usiku ukigeuka mchana. Sisi wa njiani twabaki na giza letu.

Basi mtoto akilia kwa kuona nyota itembeayo, mtoeni nje, mhesabu pamoja naye. Kimondo hakimalizi hesabu ya tano. Ndege yapepesa taa, na mara nyingi mlio wake wafuata. Setilaiti yatosha kuhesabiwa mia na zaidi, kimya, mpaka kivuli kiimeze.