Figo za mbwa zikishindwa: je, mashine yaweza kumwokoa?

Msimu wa mvua ya masika uliopita, mama mmoja jirani yangu hapa Rongai alinijia kliniki akiwa na swali ambalo sikulitarajia. Mbwa wake, Simba, alikuwa hajala kwa siku tatu. Alikuwa akitapika, macho yamegeuka manjano, na tangu jana yake hakuwa amekojoa hata tone. Daktari wa mifugo alikuwa amempima damu na kumwambia kwamba figo zimeshindwa kufanya kazi.

"Daktari," akaniambia, "marehemu mzee wangu alisafishwa damu kule Nakuru kwa miaka miwili. Hiyo mashine haiwezi kumsaidia Simba?"

Mimi hutibu watu, si wanyama. Lakini mama huyu hakuwa akifanya mzaha, na jibu la swali lake linamhusu kila mtu anayefuga mbwa, awe mjini au shambani. Kwa hivyo nilishauriana na wenzangu wa mifugo, na haya ndiyo ningependa msomaji ayajue.

FIGO NI FIGO

Figo za mbwa hufanya kazi ile ile ifanywayo na figo zetu. Huchuja damu, hutoa sumu zitokanazo na chakula, na kusawazisha maji na chumvi mwilini. Zina akiba kubwa. Mbwa aweza kupoteza thuluthi mbili za uwezo wa figo zake kabla mwenyewe hajaona dalili yoyote.

Kushindwa kwa figo ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza huja polepole, aghalabu kwa mbwa mzee. Mbwa huyo hunywa maji mengi, hukojoa sana, hukonda, na mdomo wake hutoa harufu mbaya. Figo za aina hii zimekwisha kovu na hazirudi tena.

Namna ya pili huja ghafla, kwa siku chache tu. Husababishwa na sumu, kama vile maji ya rejeta yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda, ambayo ni matamu na mbwa huyalamba. Husababishwa pia na zabibu, na homa kali iletwayo na kupe. Kisababishi kingine ni dawa za maumivu za binadamu. Wako wanaompa mbwa anayechechemea tembe za ibuprofen au diclofenac walizobakisha nyumbani. Tafadhali usifanye hivyo. Dawa hizo zaweza kuziua figo za mbwa. Halafu kuna ugonjwa uletwao na mkojo wa panya, ambao nitaurudia.

MBWA ALITANGULIA

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba mbwa walisafishwa damu kwa mashine kabla ya binadamu. Mwaka wa 1913, John Jacob Abel na wenzake huko Baltimore, Marekani, walipitisha damu ya mbwa katika vijibomba vilivyozungukwa na maji ya chumvi, nazo sumu zikachujika. Ili damu isigande walitumia dawa iliyotokana na ruba. Heparini, dawa tunayoitumia leo kuzuia damu kuganda katika mashine, nayo ilipatikana mara ya kwanza katika maini ya mbwa, mwaka wa 1916. Mwaka wa 1924 Georg Haas wa Ujerumani akaijaribu njia hii kwa binadamu. Willem Kolff wa Uholanzi alianza kuwatibu wagonjwa kwa mashine yake mwaka wa 1943, wakati wa vita, na mwaka wa 1945 mama mmoja mzee akapona.

Kwa hivyo jibu la kwanza kwa jirani yangu ni ndiyo, mbwa aweza kusafishwa damu. Bomba hutiwa katika mshipa mkubwa wa shingoni. Damu hupita ndani ya kichujio chenye maelfu ya vijibomba vyembamba kama nywele, huku maji maalumu yakipita nje yake. Sumu huvuka na kuingia majini, nayo damu iliyosafishwa hurudishwa mwilini. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na mbwa lazima awe chini ya uangalizi wakati wote. Mbwa wa kilo 10 hana damu inayofika lita 1, wakati mtu mzima ana lita 5 hivi. Ndiyo maana mbwa mdogo hutumiwa vichujio vya watoto, maana damu nyingi ikitoka kwa wakati mmoja atazimia.

Ipo njia nyingine isiyohitaji mashine. Maji maalumu hutiwa tumboni kwa bomba, huachwa yavute sumu, kisha hutolewa. Lazima yabadilishwe tena na tena, mchana na usiku, na uchafu kidogo ukiingia, tumbo huoza.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hawalielewi, hata kwa wagonjwa wa kibinadamu. Mashine haitibu figo. Hufanya kazi ya figo kwa muda tu. Mbwa ambaye figo zake zimeshindwa ghafla aweza kuhitaji kusafishwa mara chache, kisha figo zikapata nafuu. Yule mzee ambaye figo zimekwisha kovu angehitaji mashine maisha yake yote. Huyo husaidiwa zaidi kwa chakula maalumu, maji ya kutosha na dawa. Marekani, ambako hospitali kadhaa za wanyama hutoa huduma hii, gharama hufika maelfu ya dola.

Jibu la pili ni kwamba mashine za hospitali zetu si za mbwa. Mgonjwa wa figo anahitaji kusafishwa mara mbili au tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kitanda kimoja kikikaliwa na mbwa, kuna mtu anayekikosa. Mama yule alinielewa mara moja. Alikuwa amekaa kwenye foleni hiyo.

NANI ALIYEOSHA KIBANDA?

Simba alitiwa maji kwa dripu na kupewa antibiotiki, lakini alikufa siku ya pili. Daktari wa mifugo alishuku leptospirosisi, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita homa ya mgunda. Nilipopata habari hizo, nilimuuliza mama swali langu mwenyewe: "Ni nani aliyekuwa akiosha kibanda cha mbwa?"

Alikuwa ni kijana wake wa kazi. Siku tatu alikuwa na homa, kichwa kikimwuma na misuli ya miguu ikimkaza, macho mekundu. Alikuwa amejinunulia dawa ya malaria dukani. Nilimpa antibiotiki siku iyo hiyo, na akapona kabla figo zake hazijaguswa.

Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa katika figo za panya na hutoka kwa mkojo. Huingia mwilini kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho au mdomo, hasa mahali penye maji na matope. Hapa kwetu, ambako mahindi hurundikwa ghalani, panya hawakosi. Mwaka wa 2004 ugonjwa huu ulizuka katika shule moja ya upili huko Bungoma. Julai 2022, serikali ya Tanzania ilitangaza wagonjwa 20 na vifo 3 mkoani Lindi.

Tatizo ni kwamba hufanana na malaria. Katika uchunguzi wa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi, zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria, kumbe waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 kwa kila 100. Wenye leptospirosisi walikuwa karibu 9 kwa kila 100 waliopimwa.

MAMBO YA KUFANYA

Mchanje mbwa wako dhidi ya leptospirosisi kila mwaka, baada ya sindano mbili za kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii ugonjwa huu. Funika chakula chake usiku na upunguze panya ghalani.

Akitapika, akikataa chakula au akiacha kukojoa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dripu iliyotiwa mapema huokoa mbwa wengi kuliko mashine iliyo mbali.

Unapoosha kibanda cha mbwa mgonjwa, vaa glavu na gamubuti. Mwagia sehemu moja ya Jik iliyochanganywa na sehemu kumi za maji. Na ukishikwa na homa baadaye, mwambie daktari wako kwamba mbwa wako aliugua. Huenda asikumbuke kukuuliza.